Mama Amesafiri

Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa wazazi na walimu wa shule moja ya msingi wilayani Muheza, wiki ya kufunga shule. Nilialikwa nizungumzie sukari na presha. Nimeyaandika kutokana na karatasi niliyokuwa nayo mkononi na yale yaliyonitoka bila karatasi, ambayo ndiyo mengi.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi watoto mnaochungulia dirishani ilhali mmeambiwa mkacheze: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni muuguzi mstaafu. Ni kweli. Miaka 31 nimevaa gauni jeupe, na 14 ya mwisho nilikaa kliniki ya sukari na presha, kila Jumanne na Alhamisi, nyuma ya meza yenye mguu mmoja mfupi. Mikono niliyoifunga kile kitambaa cha kupimia presha ni mingi kuliko nywele nilizobaki nazo. Basi najua mlichotarajia: nije niwaambie mpunguze chumvi. Punguzeni chumvi. Punguzeni na soda, na mtembee. Hayo nimemaliza.

Lililobaki ni jambo ambalo halikuwa kwenye bango la kliniki, na mimi mwenyewe nilichelewa mno kuliona. Nianze na mama mmoja.

Alikuwa na miaka 50 na ushei, mpika maandazi, mcheshi, anawajua kwa majina wagonjwa wote wa benchi la mbele. Presha yake haikuwa inashuka. Alianza na kidonge kimoja, akaongezewa cha pili, kikaja cha tatu. Kila akija ni 170 kwa 100, au 175 kwa 105. Kwenye kadi yake nikaandika, kwa mwandiko wangu huu mnaousifia: hafuati masharti. Niliandika hivyo mara nne.

Siku moja mhudumu akaangusha trei ya vyuma pale nje ya mlango. Mnaujua mlio wa trei ya vyuma kwenye sakafu ya saruji. Sote tulishtuka. Yule mama yeye alijikunja kwenye kiti, uso magotini, viwiko juu ya kichwa. Mwanamke mwenye wajukuu sita. Akakaa vile kwa muda. Kisha akajiinua, akaitengeneza kanga yake, akacheka. "Nisamehe nesi," akasema, "mwili wangu mjinga."

Nikafunga mlango. Nikamuuliza swali ambalo, kwa miaka yote ile ya kazi, sikuwahi kumuuliza mgonjwa wa presha: ulipokuwa mtoto, nyumbani kulikuwaje?

Kulikuwa na baba wa kambo ambaye usiku alianza kwa kurusha sufuria, akamaliza kwa kurusha watu. Watoto walikuwa wakisikia sufuria ya kwanza tu, wanatoka mbio uani na kujibanza nyuma ya choo mpaka alfajiri. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa na miaka saba. Mpaka leo, alisema, akitakiwa kutoka uani usiku miguu inakataa.

Sasa sikilizeni. Mojawapo ya vile vidonge vitatu kilikuwa cha kukojoza. Sisi kliniki tulimwelekeza avimeze vyote jioni, asisahau. Na choo chake kiko uani. Basi kile kimoja akawa anakiacha. Mimi nikauita ukaidi, kumbe mwenzangu kila jioni alikuwa anachagua kati ya presha na lile giza la nyuma ya choo, na angekuwa mmoja wetu angechagua vilevile. Nikakihamishia asubuhi. Baada ya miezi mitatu presha yake ilikuwa 148 kwa 92. Si muujiza, bado ni presha. Ila niliomba kadi mpya nimnakilie, maana yale maneno yangu manne nilikuwa siwezi tena kuyatazama.

Nilijiona nimegundua jambo. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa limeshagunduliwa, tena kwa ulimi kuteleza.

Mwaka 1985, katika mji wa San Diego kule Marekani, Dkt. Vincent Felitti alikuwa anaendesha kliniki ya kupunguza unene. Watu walipungua kweli, kilo kwa makumi. Kilichomtatiza ni kwamba waliokuwa wakitoroka kliniki ni walewale waliokuwa wanafanikiwa. Akaanza kuwaita mmojammoja na kuwauliza maswali ya kawaida: ulizaliwa na uzito gani, ulianza shule na uzito gani. Siku moja akakosea. Alitaka kumuuliza mwanamke mmoja alikuwa na umri gani alipojuana na mwanamume kwa mara ya kwanza. Badala ya umri akasema uzito. Mwanamke akajibu: ratili 40.

Hiyo ni kama kilo 18. Akina mama hapa mnapeleka watoto mizani. Mtoto wa kilo 18 ana umri gani? Alikuwa na miaka minne, na aliyemfanyia hayo ni baba yake mzazi.

Naona ukumbi umenyamaza. Daktari naye hakujua aseme nini. Lakini tangu siku hiyo akawa anauliza kwa makusudi, na visa vya namna hiyo vikafuatana. Akaelewa kwamba kwa wengi wao unene haukuwa ugonjwa, ulikuwa boma. Mwili ukiwa mkubwa hakuna anayekutazama kwa jicho lile. Ukiwapunguza, unawavunjia boma, lazima wakimbie. Mwaka 1990 aliyasema haya kwenye mkutano wa wataalamu huko Atlanta, na mmoja wao akasimama kumwambia kwamba wagonjwa hao wanatunga, wanatafuta kisingizio cha maisha yao. Nimesikia maneno hayohayo hapa kwetu, kwa sauti ya wajomba.

Yeye na Dkt. Robert Anda, wa taasisi ya serikali yao ya kudhibiti magonjwa, wakaamua kuhesabu. Kati ya mwaka 1995 na 1997 waliwauliza watu zaidi ya 17,000 kuhusu utotoni mwao: ulipigwa, ulitukanwa, uliingiliwa, ulikosa wa kukutunza, mama yako alipigwa mbele yako, kulikuwa na mlevi nyumbani, kuna aliyefungwa, wazazi waliachana, na mengine, jumla mambo kumi. Kila "ndiyo" ni alama moja. Na watu hawa hawakuwa masikini wa kuokoteza. Wengi walisoma hadi chuo, wana kazi na bima ya afya, umri wa makamo.

Zaidi ya nusu walikuwa na angalau alama moja. Matokeo ya kundi la kwanza, lililohesabiwa kwa mambo saba kati ya hayo, yalipochapishwa mwaka 1998, waliofika alama nne au zaidi, wakilinganishwa na wasio na alama, walionekana kuwa na ugonjwa wa moyo mara mbili, kiharusi zaidi ya mara mbili, ugonjwa sugu wa mapafu karibu mara nne. Kujaribu kujiua, mara 12. Na sukari ile tunayoisingizia ugali na wali, mara moja na nusu na zaidi kidogo.

Mzee wangu pale nyuma ananyoosha kidole, najua anachotaka kusema: hao walivuta sigara na kunywa, ndiyo maana. Sehemu ni kweli. Ila jiulize kwa nini mtu anakunywa. Nimewahudumia wanaume wa hapa ambao kila mtu anawaita walevi. Wawili watatu waliniambia kwa mdomo wao kwamba tembo la mnazi ndilo pekee linalozima kelele za kichwani wakapata usingizi. Kwao ile ilikuwa dawa, japo inaua. Na hata ukiwaweka pembeni wavutaji na wanywaji, bado kuna hatari ya moyo inayobaki, na hiyo imetoka ndani ya mwili wenyewe. Niwaeleze ilivyo.

Wenye matangi ya maji hapa mnalijua boya. Maji yakipungua boya linashuka, pampu inawaka. Yakijaa linapanda, pampu inazimika. Mwili una mpango wa namna hiyo. Mtoto akisikia sufuria ya kwanza, ubongo unapeleka habari kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, na tezi zinamwaga homoni, adrenalini kwanza, kotisoli baadaye. Moyo unakwenda mbio, mishipa inakaza, presha inapanda, ini linamwaga sukari kwenye damu ili miguu ipate nguvu ya kukimbia. Ni jambo zuri. Bila hilo tusingekuwapo, tungeliwa na chui zamani. Kotisoli ikishajaa, inarudi kwenye ubongo na kukaa kwenye vipokezi vyake. Hivyo ndivyo boya. Ubongo unasema imetosha, zima.

Mtoto ambaye sufuria inarushwa mara moja, kisha bibi akamkumbatia, boya lake linapanda na pampu inazima. Anayesikia sufuria kila Ijumaa na asiyekuwa na bibi, boya lake linakwama. Pampu haizimi. Presha ya kukimbilia chui inakuwa presha ya kukaa nayo, sukari ya dharura inakuwa sukari ya kila siku, usingizi unakuwa wa jicho moja. Hata kinga ya mwili inachokozwa ikae macho bila adui. Miaka 40 baadaye anakuja kwangu Jumanne, namwambia apunguze chumvi.

Mnadhani natia chumvi? Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akiwamo Michael Meaney, walionyesha hilo boya kwa panya. Kuna panya mama wanaolamba sana watoto wao, na kuna wanaolamba kidogo. Watoto waliolambwa sana walikua na vipokezi vingi zaidi kwenye ubongo, na wakishtushwa walitulia upesi. Waliolambwa kidogo, vinasaba vyao vya kutengeneza vipokezi vilikuwa vimefungwa kwa kemikali, kama mlango uliotiwa komeo. Sasa utamu uko hapa. Watafiti walichukua vitoto vya mama mvivu wa kulamba wakavipa mama mwingine, na vikakua vimetulia. Kwa hiyo haikuwa damu ya ukoo. Ilikuwa ni nani aliyekulea wiki ile ya kwanza. Mama zangu mnaosema "huyu kachukua ubaya wa ukoo wa baba yake", mnawasikia panya?

Mmecheka, vizuri. Sasa niwape la kwangu, maana si haki kusimulia ya wagonjwa na kuficha yangu.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba. Asubuhi hiyo nilivalishwa gauni la sikukuu, nikapandishwa basi na shangazi kwenda Korogwe. Nilipouliza mama yuko wapi nikaambiwa amesafiri, amekwenda Mombasa kutibiwa, atarudi. Nikaamini. Nyumba ya shangazi haikuwa mbali na stendi. Kila basi la kutoka pwani likiingia nilikuwa nimeshafika, nahesabu wanaoshuka. Kondakta mmoja alinizoea akawa ananipa ndizi. Nilifanya hivyo muhula mzima. Aliyeniambia ukweli ni mtoto mwenzangu darasani, tuligombana kwa kipande cha chaki, akasema: "Mama yako amekufa, kila mtu anajua ila wewe."

Sikulia. Nilirudi nyumbani nikala. Usiku tumbo likaanza kuuma, na tumbo hilo ndilo nililonalo. Nina vidonda vya tumbo. Najua kuna mdudu anayevisababisha, nimevifundisha vyuoni, msiniulize. Ila najua pia kwamba kila Desemba, nikisikia honi ya basi la jioni, tumbo linakaza kabla kichwa hakijajua kwa nini.

Hawakuwa wabaya. Shangazi alinilea kwa mapenzi, na ninamwombea. Alifanya tunachofanya wote. Kwenye misiba yetu mtoto hupelekwa kwa jirani asione, hunyamazishwa asilie, huambiwa amesafiri. Tuna methali tunayoitumia kuhalalisha fimbo: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimeifikiria sana methali hiyo kliniki. Mimi naona inatuhusu hapa zaidi kuliko kwenye fimbo. Tunachelea kumwambia mtoto mama amekufa kwa sababu atalia, na hatuwezi kustahimili kilio chake. Tunamfungia kilio ndani. Halafu ndiye anayekuja kulia akiwa na miaka 50, na halii machozi.

Kuna utafiti wa Kagera ambao kila nikiusoma nakumbuka stendi ya Korogwe. Mnakumbuka Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walikoonekana, mwaka 1983. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipita kaya kwa kaya kule. Mwaka 2004 wakarudi kuwatafuta watoto 718 ambao mara ya kwanza wazazi wao wote wawili walikuwa hai. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amefiwa na mzazi kabla ya kutimiza miaka 15. Waliofiwa na mama, sasa watu wazima, walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita mbili kuliko ambavyo wangekuwa, na walikuwa na mwaka mmoja pungufu wa shule.

Sentimita mbili ni upana wa kidole. Sisemi ni huzuni peke yake iliyowafupisha. Sahani ilipungua, karo ilikosekana, aliyekuwa anaamka usiku kumfunika mtoto hakuwapo tena. Lakini angalieni: msiba uliopita utotoni unapimika kwa rula mtu akiwa mzima. Wakati sisi tunasema mtoto hakumbuki, mdogo huyo, atasahau.

Nakuja kwa walimu. Msijifiche nyuma ya madaftari.

Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima juu ya ukatili dhidi ya watoto, ukatolewa mwaka 2011, Chuo cha Muhimbili kikiwa miongoni mwa walioufanya. Karibu wasichana watatu kati ya kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Wavulana, karibu mmoja kati ya saba. Na hao wavulana tunawasahau sana. Kupigwa na mtu mzima au mwenzi, kwa ngumi, teke, mjeledi, ni karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana. Nchi yetu ilikuwa ya kwanza Afrika kuthubutu kupima yote hayo kwa pamoja na kuyatoa hadharani, na kwa hilo natoa pongezi. Wengi hawapimi, kisha wanasema kwao hakuna.

Najua kanuni zetu za viboko: visizidi vinne, apige mwalimu mkuu au aliyempa ruhusa ya maandishi, iandikwe kitabuni. Nani hapa ameliona hilo daftari? Haya, tuendelee.

Mwalimu ataniambia: dada, mimi nilichapwa na nimekuwa mtu. Naam, umekuwa. Ila nami nilikaa miaka 14 na wale waliochapwa ambao hawakualikwa kwenye mikutano. Pia naomba tutofautishe. Sisemi kofi moja la mama linaleta kiharusi. Huo ungekuwa uongo na mngeniona sina akili. Nasema juu ya mtoto anayeamka kila siku na hofu, nyumbani na shuleni, na hana pa kupumulia. Huyo ndiye boya linakwama. Wakati mwingine mwalimu ndiye angekuwa pa kupumulia, na badala yake ndiye sufuria ya pili.

Jirani zetu Uganda walijaribu, wilaya ya Luwero, shule za msingi 42, kuanzia mwaka 2012 hadi 2014. Nusu ya shule zilipewa mpango wa shirika la Raising Voices: walimu wakae na wanafunzi, wapange wenyewe namna ya kumrudi mtoto bila fimbo. Mwishoni waliwauliza watoto, wiki iliyopita mwalimu alikupiga? Kwenye shule ambazo hazikupata mpango, 49 kati ya 100 walisema ndiyo. Kwenye zilizopata, 31. Bado ni wengi, najua. Na matokeo ya mitihani hayakutofautiana, maana yake zile fimbo zilizopungua hazikuwa zinafundisha hesabu.

Sasa mnaweza kuondoka hapa mkihesabu alama zenu kumi kwa vidole, mkajihukumu kufa. Nimemwona mtu akifanya hivyo. Msifanye. Dkt. Anda mwenyewe na wenzake waliandika mwaka 2020 kuonya kwamba alama zile hazikutengenezwa kumtabiria mtu mmoja. Zinahesabu umati. Wawili wenye alama tano, mmoja anaweza kuugua na mwingine akafika 90 akilima mihogo.

Tofauti inatoka wapi? Kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu tumboni hadi walipokuwa watu wa miaka 40. Kundi moja lilikuwa la watoto wa shida tupu: umasikini, wazazi wagonjwa wa akili, ulevi, ugomvi. Theluthi yao walikua vizuri kabisa, watu wa kazi na wa familia. Walichofanana ni kwamba kila mmoja alikuwa na mtu mzima angalau mmoja ambaye hakumwacha. Si lazima mzazi. Bibi, shangazi, jirani, mwalimu.

Yule kondakta wa ndizi, mimi namhesabu.

Na kwa ambao tumeshakua, hatujachelewa. Kule Harare, Dkt. Dixon Chibanda aliona nchi ina madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2006, mtaa wa Mbare, akaanza na bibi 14. Akawafundisha, akawawekea mabenchi nje ya zahanati. Mtu mwenye kile ambacho Washona wanakiita *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, nasi tunasema "ana mawazo", anakuja anakaa na bibi, anazungumza, wanachagua tatizo moja la kulitatua kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliopata huduma ya kawaida, 50 kati ya 100 bado walikuwa na dalili za sonona. Waliokaa na bibi, 14. Benchi hilo limefika mpaka Zanzibar. Sisi tuna bibi wangapi hapa Muheza wanaokaa barazani kutwa wakisema watu? Nami nimo, msinune.

La kufanya nalitaja haraka, kwa sababu mwenyekiti anaangalia saa. Mtoto akikwambia amefanyiwa jambo, usimuulize kwa nini hakusema mapema. Msikilize, mwamini, mpeleke hospitali siku hiyohiyo kabla hajaoga, na dawati la jinsia na watoto pale polisi. Kuna namba 116, ni bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Wauguzi wenzangu mliopo: mgonjwa ambaye presha haishuki, kabla ya kuandika niliyoandika mimi, fungeni mlango kwanza.

Nimalizie na jambo la mwaka jana mtaani kwangu. Jirani yetu alifariki ghafla asubuhi, mama wa miaka 30 na kitu. Nilipofika, wanaume wanahangaika na turubai, wanawake wako ndani, na binti yake wa miaka sita amekaa kwenye ngazi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama. Mama yake alikuwa anamsuka usiku uliopita, umeme ukakatika, wakasema watamalizia kesho. Mtu mmoja akamshika mkono amtoe, na nikamsikia anasema: "Twende kwa mama fulani, mama yako amesafiri."

Nikamwomba amwache kidogo. Nikakaa naye pale ngazini. Nikamwambia mama yako amekufa. Nikamweleza kufa ni nini: hapumui, haumwi tena, hasikii baridi, na hatarudi, na si kwa sababu ya jambo lolote ulilofanya wewe. Nilikuwa natetemeka, wazazi, mimi niliyefunika maiti miaka 31. Alilia. Alilia kwa sauti kubwa hata wanaume wakageuka. Hakuna aliyemwambia nyamaza, maana niliwatolea macho.

Alipopumzika akaniuliza swali moja tu: "Sasa nani atanimalizia kunisuka?"

Shangazi yake alikuwa amesimama mlangoni. Akasema mimi. Akatandika mkeka palepale, katikati ya msiba, watu wanaingia na kutoka, akamlaza kichwa mapajani akaanza kusuka, wote wawili wanalia. Yeye si msusi mzuri. Mistari ya upande wake ilikuwa minene, ya marehemu ilikuwa myembamba, haikulingana hata kidogo. Mtoto alikaa na kichwa hicho mpaka ikapita arobaini, na kila aliyetaka kumfumua alimkatalia.

Asanteni kwa kunisikiliza.